Umesoma somo la sheria lakini hauko fakulte ya sheria: unapata nini, na nini hupati?

Hapa kwetu Butembo, Beni, Lubero hadi Kasindi, mambo yanaanzaka hivi. Ni jioni, familia imeketi, karatasi ya parseli iko juu ya meza. Baba mdogo anataka kuuza, mama mkubwa anakataa, na jirani naye anasema mpaka ulisogezwa. Kisha mtu anageukia kijana wa nyumba, yule anayesoma agronomia mwaka wa pili: "Wewe njo uko mu iniversite, na sheria ulishasomaka. Utuambie, nani iko na haki?"

Kijana hadanganyi. Kweli, sheria ameisoma: masaa machache, silabi moja, mtihani mmoja, na alipata 13 kwa 20. Kwa hiyo anajua kitu. Lakini anajua kiasi gani? Anaruhusiwa kufanya nini na hicho anachokijua? Na je, akitaka kuendelea, yale masaa yanaweza kumfikisha siku moja avae toga ya avoka?

Maswali haya yanawahusu vijana wengi. Fakulte ya sheria si ya watu wa sheria peke yao: maprofesa wake wanafundisha pia watu wa uchumi, wa afya, wa mawasiliano, wa kilimo. Tumepanga hapa chini mambo ambayo mwanafunzi, na mzazi anayelipa mineravali, wanapaswa kujua kabla ya mwaka kuanza.

Sheria ni ya kila mtu, hata Katiba inasema

Tuanze na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 62 kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Maana yake, ukifika mbele ya jaji huwezi kujitetea kwa kusema "mimi sikujua." Kifungu cha 142 kinaweka deni kwa upande wa Serikali: sheria ikishatiwa sahihi, Serikali inapaswa kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60. Kiswahili ni moja ya hizo nne.

Kila mmoja wetu anajua mara ngapi amekuta sheria kwa Kiswahili kijijini kwake. Hapo ndipo mwanafunzi wa fakulte ingine anakuwa na kazi. Muuguzi, mwalimu, agronomu, mwanahabari na mhasibu wa duka wanaishi karibu na watu kuliko avoka. Wao wakielewa sheria inayogusa kazi yao, kijiji kizima kinapata nuru kidogo.

Angalia mifano. Mwanafunzi wa udaktari anasoma tiba ya kisheria na maadili ya kazi. Katika eneo letu lililojeruhiwa na vita, somo hilo ni zito sana. Tarehe 20 Julai 2006 zilitoka sheria mbili juu ya ubakaji na unyanyasaji wa kingono, namba 06/018 na 06/019. Ile ya pili inataka upelelezi wa kwanza umalizike ndani ya mwezi 1, na kesi ihukumiwe ndani ya miezi 3. Inataka pia prokireri au jaji, bila kungoja kuombwa, amwite daktari na mtaalamu wa mambo ya moyo na akili ili waangalie hali ya aliyetendewa. Kwa hiyo karatasi ambayo daktari kijana anaandika usiku kwa kituo cha afya inaweza kuwa ushahidi mkubwa. Akiiandika vibaya, mtoto wa mtu anaweza kukosa haki.

Mwanafunzi wa uchumi au wa usimamizi anasoma sheria ya biashara. Kwa mji wa wafanyabiashara kama Butembo, hilo halihitaji maelezo marefu. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika wenye sheria moja za biashara. Kesi ya biashara iliyoanzia hapa kwetu inaweza kupanda mpaka Abidjan, kule Côte d'Ivoire, kwenye korti ya pamoja ya OHADA.

Mwanafunzi wa kilimo anakutana na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ile inayosema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Mwanafunzi wa mawasiliano anasoma sheria ya habari. Yule wa sayansi ya siasa anasoma sheria ya Katiba na ya utawala. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba kuwa mwanasheria, lakini wote wanahitaji sheria kusudi wafanye kazi yao vizuri.

Viti vinne ndani ya darasa moja

Ukiingia katika ukumbi somo la sheria linapofundishwa, unaona wanafunzi wote wanaandika, wote wanasikiliza profesa yuleyule. Lakini hawakuketi kwenye kiti kimoja. Kuna viti vinne, na kila kiti kina haki yake.

Kiti cha kwanza ni cha somo lililo ndani ya programu yako. Hili hukulichagua, fakulte yako ililiweka. Mwalimu anatoka kwa wanasheria, lakini pointi zinaenda kwa jiri ya fakulte yako, na hao ndio wanaokupitisha au kukurudisha. Wengine wanalidharau somo kama hilo: "hii ni ya watu wa sheria, sisi tutapita tu." Hapo ndipo wengi wanaanguka. Somo la sheria kwa mtu wa uchumi lina uzito wake kwenye karatasi ya pointi sawa na masomo mengine, na halisamehewi kwa sababu mwalimu ni mgeni.

Kiti cha pili ni cha somo la kuchagua. Kwa mtindo wa LMD, mahali programu inaacha nafasi, mwanafunzi anaweza kuchukua somo katika fakulte ingine na kupata kredi zake. Neno kubwa hapa ni ruhusa. Kukubaliana na profesa kwa mdomo hakutoshi. Ofisi ya dekano wa fakulte yako inapaswa kukubali, na ile ya sheria inapaswa kukupokea, kwa maandishi, kabla ya somo kuanza. Jina lako lisipokuwa kwenye orodha ya mtihani, hata ukiandika majibu mazuri sana, pointi zako hazina mahali pa kuingia.

Kiti cha tatu ni cha msikilizaji huru. Huyu anakuja kujifunza tu, akishapata ruhusa. Hafanyi mtihani wa kuhesabiwa, hapati kredi, hapati diploma. Ni kiti kizuri kwa mtu mzima mwenye kazi: chifu wa kartie, mtu wa shirika, mfanyabiashara, au mwanahabari kama sisi. Anarudi nyumbani na akili zaidi, harudi na karatasi. Mtu asikuuzie kiti hiki kwa bei ya kiti cha nne.

Kiti cha nne ni cha mwanafunzi kamili wa sheria. Hapa hakuna njia ya mkato. Unapeleka diploma yako ya Serikali na dosye yako kwa apariteri, unaandikwa katika fakulte ya sheria, unaanza. Kama ulishasoma kwingine, unaweza kuomba masomo uliyoyafaulu yahesabiwe, kusudi usiyarudie. Lakini kuomba si kupewa. Fakulte inayokupokea inaangalia somo lilikuwa na masaa mangapi, lilifundisha nini, ulipata pointi ngapi. "Utangulizi wa sheria" uliofundishwa kwa wauguzi unaweza kuwa na jina sawa na ule wa wanasheria, na ndani ukawa mdogo mara mbili.

Butembo tuko na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa askofu Emmanuel Kataliko. Kina fakulte ya sheria karibu na udaktari, agronomia na uchumi. Mahali fakulte zinakaa pamoja hivi, ni rahisi kijana kuvuka uwanja na kwenda kusikiliza somo upande wa pili. Lakini kuvuka uwanja ni jambo moja, kuandikwa upande wa pili ni jambo lingine.

Neno "lisansi" limebadilika, angalia vizuri

Wazazi wengi walisoma kwa mtindo wa zamani: gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, wizara ya elimu ya juu ilipokuwa mikononi mwa Muhindo Nzangi, mtoto wa huku kwetu, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliingizwa wote katika LMD: lisansi, masta, doktora. Lisansi ya sasa ni miaka 3, yaani kredi 180, 30 kila muhula. Masta inaongeza miaka 2, yaani kredi 120.

Neno limebaki lilelile, urefu umekuwa mwingine. Lisansi ya baba ilikuwa miaka 5. Lisansi ya mtoto ni miaka 3. Ukisoma sheria ya zamani inayodai "lisansi ya sheria", ujue waliyoiandika walikuwa wanafikiria mtu wa miaka 5. Familia inayopanga feza kwa ajili ya mtoto anayetaka kazi ya sheria ipange mpaka masta, isisimame kwenye mwaka wa tatu ikidhani safari imekwisha.

Kuna pia habari njema ndani ya LMD. Kredi uliyoipata ni yako. Ukiwa umefaulu somo, halifutiki kwa sababu ulianguka lingine. Ndiyo maana ni muhimu kutunza karatasi za pointi na silabi za kila somo la sheria ulilolifanya, hata kama leo unaona halina faida. Siku utakapoomba lihesabiwe mahali pengine, hizo karatasi ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Milango ambayo somo moja halifungui

Kuwa avoka katika Kongo kunaongozwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya baro. Inataka diploma ya sheria, lisansi ya ule wakati au doktora. Diploma ya sheria iliyotoka nje ya nchi inapaswa kwanza kukubaliwa kuwa sawa na ya hapa. Halafu mtu anaapa, anafanya staji ya miaka 2 chini ya avoka mkubwa, ndipo anaandikwa kwa orodha kubwa. Hakuna mahali sheria hiyo inasema kwamba mtu wa uchumi mwenye masomo matano ya sheria anaweza kuingia kwa dirisha.

Kwa majaji ni vilevile. Sheria ya tarehe 10 Oktoba 2006 juu ya mahakimu inataka mtu awe Mkongomani, awe na umri usiopungua miaka 21 na usiozidi 40, na awe na diploma ya sheria, pamoja na masharti mengine.

Hapa tuseme kitu juu ya yale ambayo vijana wanasoma kwenye simu. Kuna anayekuja na habari kwamba mtu aliyesoma jambo lingine anaweza kufanya masomo mafupi ya kuvuka na kuingia njia ya uwakili. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni ya Uingereza. Kuna anayesema kwamba sheria inasomwa baada ya diploma ingine, kwa miaka 3. Hiyo pia ni ya kweli, kule Marekani. Na upande wa pili wa Kasindi, Uganda, mtu anasoma sheria miaka 4, kisha anapitia chuo cha Law Development Centre kule Kampala kabla ya kuwa wakili. Kila nchi na mlango wake. Tena Uganda ilirithi sheria ya Waingereza, sisi tulirithi ile ya Wabelgiji. Mwenye diploma ya sheria ya Uganda akivuka Kasindi kurudi, bado ana kazi ya kuomba diploma ikubaliwe na ya kujifunza vitabu vya hapa.

Milango iliyo wazi kwa asiye mwanasheria

Watu hawajui kwamba sheria yetu yenyewe inawaita watu wasio wanasheria waketi ndani ya tribinali. Tribinali za biashara, zilizoundwa na sheria ya tarehe 3 Julai 2001, zinachanganya mahakimu wa kazi na majaji wanaotoka kwa wafanyabiashara. Tribinali za kazi, zilizoundwa na sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, zinaketisha pamoja na hakimu mtu wa upande wa waajiri na mtu wa upande wa wafanyakazi. Na pale tribinali ya amani inapohukumu kwa kufuata desturi, wazee wenye heshima wa eneo wanaketi karibu na hakimu.

Sheria inafanya hivyo kwa sababu hakimu anajua sheria, lakini hajui lazima jinsi mzigo wa kahawa unavyouzwa kwa neno la mdomo, wala jinsi mpaka wa shamba unavyopandwa miti. Anahitaji mtu anayejua. Na mtu huyo, kama alisoma sheria kidogo akiwa iniversite, anakuwa na faida mara mbili.

Kuna pia kazi ndogo za kila siku. Mwanafunzi wa uchumi anaweza kumweleza mama anayeuza mafuta kwamba OHADA iliweka, kwa wafanyabiashara wadogo, hali ya "entreprenant" inayoanza kwa tamko tu, bila mzigo wote wa duka kubwa. Mwanafunzi wa kilimo anaweza kumweleza baba yake kwamba karatasi ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya mashahidi si sawa na sertifika ya anrejistrema. Sheria ya 1973 inataka hiyo sertifika kusudi haki juu ya parseli isimame vizuri, na ikishapita miaka 2, ni vigumu sana kuishambulia. Mzee aliyenunua mwaka uliopita akasema "karatasi ya chifu inatosha" anahitaji kusikia hilo mapema, kabla mwenzake hajaenda peke yake kwa ofisi ya ardhi.

Hatari: siku 10 na siku 30

Sasa tuje mahali ambapo elimu ndogo inaumiza watu. Tuseme mtu wa kartie amehukumiwa. Hana feza ya avoka. Anaenda kwa kijana aliyesoma sheria "kidogo", anampa franga, kijana anamwandikia jaji barua nzuri yenye Kifaransa kinachong'aa. Wote wawili wanangoja jibu.

Barua ile si rufaa. Rufaa inatangazwa kwa grefe ya tribinali, na ina muda wake: siku 10 kwa kesi ya jinai, siku 30 kwa kesi ya madai, kuanzia pale hukumu inapohesabiwa kuwa imemfikia mtu. Muda ukipita, haki inaweza kuwa imekwenda hata kama mtu alionewa kweli. Kijana alifaulu somo lake kwa 13, na katika silabi yake muda wa rufaa haukuwepo kwa sababu halikuwa somo la utaratibu wa kesi.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Asiye mwanasheria anaweza kusoma karatasi, kueleza neno gumu, kusema "hapa kuna tarehe, harakisha", na kumsindikiza mtu. Hawezi kujiita avoka, na hawezi kwenda kumsemea mtu mbele ya jaji kana kwamba ni avoka. Mtu mwenyewe anaruhusiwa kujitetea. Akitaka kusemewa, kuna avoka, na kuna difensa wa tribinali ambaye anafanya kazi kwa tribinali ya amani na tribinali kubwa ya TGI tu. Na kwa asiye na uwezo, ile sheria ya 1979 inataka baro iwe na ofisi ya kushauri watu bure. Kumwelekeza jirani kwa ofisi hiyo ni msaada mkubwa kuliko barua kumi.

Silabi ya yaya inaweza kukupotosha

Hesabu haibadiliki, sheria inabadilika. Ni kosa la kawaida kwa mwanafunzi wa fakulte ingine kuchukua silabi ya yaya wake aliyepita miaka kumi nyuma na kuisoma kama kitabu cha dini.

Angalia Kodi ya Familia. Ile ya tarehe 1 Agosti 1987 ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mambo mengi ya kisheria. Tarehe 15 Julai 2016 ilirekebishwa, na sharti hilo la ruhusa ya mume likaondolewa. Sasa bibi na bwana wanapaswa kuelewana. Mwanafunzi wa usimamizi anayefundisha kwa silabi ya zamani ataenda kumwambia mama mfanyabiashara wa Butembo kwamba hawezi kutia sahihi bila mume. Atakuwa amemfunga kwa kamba iliyokwisha kukatwa.

Sheria ya habari nayo ilikuwa ya mwaka 1996. Tarehe 13 Machi 2023 ilitoka mpya, pamoja na Kodi ya mambo ya dijitali inayogusa hata kile unachokituma kwenye simu. Kodi ya madini ya 2002 ilirekebishwa mwaka 2018. Kwa hiyo, pembeni ya silabi, tafuta andiko la sheria lenyewe, kama lilivyotoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Andika namba ya kifungu na tarehe. Profesa wa sheria anapenda jibu lenye kifungu kuliko jibu lenye maneno mengi, na jirani naye atafaidika nalo zaidi.

Uliza haya kabla ya kulipa

Kabla ya muhula kuanza, mwanafunzi wa fakulte ingine anayetaka somo la sheria aulize mambo haya kwa ofisi ya dekano na kwa apariteri, na akiweza apate jibu la maandishi:

1. Somo hili liko ndani ya programu yangu, au ni la kuchagua, au nitakuwa msikilizaji tu?
2. Lina kredi ngapi, na zinahesabiwa katika muhula gani?
3. Kuna somo lingine ninalopaswa kuwa nimelimaliza kabla ya hili?
4. Nitafanya mtihani uleule na watu wa sheria, au wangu mwenyewe?
5. Pointi zitapelekwa kwa jiri gani, na nani atazipeleka?
6. Kuna feza ya kuongeza juu ya mineravali? Inalipwa wapi, na kwa risiti gani?
7. Nikitaka baadaye kuingia fakulte ya sheria, somo hili linaweza kuhesabiwa?

Swali la sita msiliruke. Feza ya masomo inalipwa mahali chuo kilipopanga, na unarudi na risiti. Feza unayompa mtu mkononi kusudi "akuweke kwa orodha" haikuandiki popote.

Turudi kwenye meza

Kijana wa agronomia bado anangojwa. Baba mdogo anamwangalia, mama mkubwa anamwangalia. Afanye nini?

Anaweza kuichukua ile karatasi na kusoma kwa sauti, kwa Kiswahili au Kinande, kusudi wote waelewe kilichoandikwa. Anaweza kuuliza: hii ni karatasi ya kuuziana tu, au kuna sertifika? Nani alisaini, na tarehe gani? Kuna kesi iliyokwisha kuanza, na kama iko, hukumu ilifika lini? Halafu aseme wazi: "Mimi nilisoma sheria ya ardhi, lakini siko avoka. Haya njo ninajua. Yale mengine tuende kuuliza kwa ofisi ya ardhi na kwa avoka, tena twende hii wiki."

Hakuna atakayemdharau kwa kusema hivyo. Nyumba nyingi za huku kwetu zimegawanyika juu ya parseli kwa sababu mtu mmoja aliyejua nusu alisema kwa sauti ya anayejua yote. Kijana aliyesoma somo moja vizuri, na akajua mwisho wake uko wapi, anaweza kuokoa shamba la familia kabla jaji hajaitwa.